Picha ya Thelathini na Moja: Maisha ya Xaveria Yoakimu Mghenyi

Baba Padre, viongozi wa mtaa, ndugu zetu wa Bonga, Maisaka na Sigino, na wote mlioacha kazi zenu leo Jumamosi, familia imenipa mimi Jesse, mdogo wake marehemu anayemfuata kwa kuzaliwa, jukumu la kusoma maisha ya dada yetu, nami nimeyapanga kwa tarehe kama zilivyo katika vyeti, katika jalada la mahakama na katika madaftari yake mwenyewe, ili asiwepo atakayeondoka hapa na tarehe nyingine.

Marehemu Xaveria alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1979, hapa hapa Bonga, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa Mzee Yoakimu na Mama Romana, waliohamia kutoka Singida mwaka 1974. Alisoma elimu ya msingi Bonga kuanzia mwaka 1987 hadi 1993, kisha sekondari ya kutwa mjini Babati kuanzia 1994 hadi 1997, ambako alirarua sketi mbili za shule kwa kupanda ukuta wa uwanja ili aone mpira, na mara zote mbili Mama alimchapa.

Januari 1998 aliajiriwa katika studio ya Mzee Bushiri, karibu na soko, akipiga picha za pasipoti na za harusi, na Agosti 2003 aliacha mshahara ili awe mpiga picha wa michezo wa kujitegemea, kazi ambayo hakuna mwanamke wala mwanamume aliyekuwa akiifanya hapa mjini, ndipo Mzee Bushiri akampa kamera yake kuukuu ya mkanda na kumwambia, "Binti yangu, harusini utakula pilau, uwanjani utakula mawe." Kila Jumapili alisimama nyuma ya goli bila kitambulisho cha gazeti lolote, wachezaji wakimpigia kelele, "Mama Harusi, bibi harusi leo ni kipa?" naye akijibu, "Ndiye, na wewe mshenga unanikinga, sogea." Mkanda ulikwenda Arusha kusafishwa, picha zikarudi kabla ya Jumapili iliyofuata, na katika daftari aliandika namba ya kila picha, dakika ya mchezo na majina ya waliomo, na baada ya miezi michache wafungaji wa Babati walikuwa wakisubiri azungushe mkanda ndipo washangilie.

Jumapili, tarehe 12 Septemba 2004, mkoa wetu ukiwa na miaka miwili tangu utengwe na Arusha, ilichezwa fainali ya Kombe la Mkoa Mpya kati ya Bonga, niliyoichezea mimi, na Sigino, ambayo kipa wake alikuwa kijana Eliya, mwenye miaka ishirini na mmoja. Dakika ya themanini na tatu, matokeo yakiwa bila kwa bila, ilipigwa kona, Eliya akaudaka mpira na kulala nao chini, mimi nikiwa juu yake, na kiatu changu cha njumu kikatua kichwani mwake, mpira ukamponyoka, mwenzangu akausukumia wavuni, na mwamuzi akaweka mpira kati. Mashabiki wa Sigino waliingia uwanjani na fimbo, wa Bonga wakang'oa vigingi vya uzio, mshika kibendera alivunjwa taya, watu kumi na wanne walishonwa siku hiyo, na Eliya alibebwa juu ya mlango uliong'olewa katika choo cha uwanja, damu ikimtoka masikioni, hadi hospitali, ambako alifariki Jumanne tarehe 14 bila kufumbua macho. Bonga nzima ilisema aligonga nguzo ya goli.

Siku hiyo hiyo ya Jumanne Xaveria alipanda basi la kwanza kwenda Arusha na mkanda wa fainali, akarudi Jumatano na picha, na ya thelathini na moja ilionyesha nguzo ikiwa mbali na kichwa cha Eliya kwa urefu wa mtu mzima, na kichwani pakiwa na kiatu changu. Alhamisi tarehe 16, saa nane mchana, kilikaa kikao cha familia, Baba akasema, "Mkanda ni wako, lakini huyu ni wetu sote," Mama akamshika magoti akisema, "Choma, mwanangu, useme mwanga uliingia ukauharibu," naye akamjibu, "Mama, mwanga haukuingia." Mimi nilimwita mchawi mbele ya wazazi. Ijumaa tarehe 17 alipeleka picha na mkanda wake kituo cha polisi, na saa tisa alasiri nilikamatwa.

Jumamosi tarehe 18, saa nne asubuhi, vijana wanne wa Bonga walimfuata marehemu katika studio alikoajiriwa zamani, wakiwa na mpini wa jembe na mnyororo wa baiskeli, wakamvunja mkono Mzee Bushiri aliyesimama mlangoni, wakaipasua kamera kwa kuikanyaga, kisha mmoja akamuuliza marehemu, "Uliona kwa jicho gani?" naye akajibu, "La kulia," wakampiga hapo hapo kwa mpini, mara nne kwa hesabu yake mwenyewe, hadi alipozimia. Alilazwa siku ishirini na tatu na jicho la kulia likaondolewa. Wawili kati ya vijana hao wamo hapa leo, ni watu wazima wenye watoto, sitawataja kwa sababu marehemu hakuwataja. Kikao cha juzi kilishauri niandike kwamba jicho alilipoteza kwa ajali, nami neno hilo sikuliandika.

Katika kesi yangu marehemu alikuwa shahidi wa tatu wa mashtaka, na karani alipomuuliza kazi yake, akaandika "mpiga picha wa kujitegemea," hiyo ikiwa mara ya kwanza kwa ofisi yoyote kumwandika hivyo. Utetezi wangu, mahakamani na mtaani, ulikuwa kwamba nilisukumwa na nilikuwa naanguka. Ijumaa, tarehe 20 Mei 2005, nilihukumiwa miaka mitano kwa kuua bila kukusudia. Marehemu alikuja gerezani kunitazama mara thelathini na nne, na nilitoka kumwona mara mbili.

Kwa jicho la kushoto alijifunza upya kupima umbali, akirusha machungwa ukutani na kuyadaka, na Aprili 2006 gazeti moja la michezo la Dar es Salaam lilichapa picha yake ya kwanza, ya mkimbiaji wa Hanang akianguka utepeni na magoti yakivuja damu, kisha zikafuata za ndondi, ambazo mabondia wenyewe walizining'iniza sebuleni, ikiwemo ya jino la mtu likiwa bado hewani. Karibu miaka kumi na mitano alifanya kazi hiyo, na hakuna timu ya Bonga iliyomwita kuipiga picha.

Tarehe 24 Novemba 2007 alifunga ndoa na Ndugu Paskasi, fundi redio wa Maisaka, na Mungu akawajalia mabinti wawili, Kindness mwaka 2009 na Evelyne mwaka 2012.

Februari 2021 alianza kuumwa kichwa, akatibiwa hapa mjini, kisha akapelekwa Moshi, ambako alikutwa na uvimbe kwenye ubongo, madaktari hawakusema kwamba umetokana na kipigo kile, nami sisemi. Alifariki Jumatano, tarehe 9 Novemba 2022, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitatu, mkono wake ukiwa katika mkono wa Paskasi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Babati na Moshi, majirani wa Maisaka waliolala matanga nasi, wapiga picha na waandishi wa mkoa, na Mzee Bushiri, aliyefika kwa fimbo yake. Namshukuru pia Mama Eliya wa Sigino, aliyekuja tangu juzi akakaa jikoni na akina mama akichambua mchele, na jana mchana alipopokea maji mkononi mwangu akaniuliza, "Baba, mwanangu alikufaje?" nikamwomba asubiri leo, wawepo watu wote.

Mama Eliya, hakuna aliyenisukuma, na sikuwa naanguka. Niliona ni kichwa, nikakanyaga. Dada yangu aliona sawasawa, na alipolipia kuona huko kwa jicho lake mimi nilikuwa mahabusu nikifurahi.

Xaveria, mwana wa Yoakimu na Romana, mama wa Kindness na Evelyne, pumzika kwa amani, na Eliya naye apumzike.