Jenereta Arobaini na Mbili za Bwana Chakavu

Ndugu waombolezaji, marehemu kaka yetu, mliyemzoea kwa jina la Bwana Chakavu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, mtoto wa pili wa mpiga chapa na mkunga, akasoma shule ya msingi kuanzia 1964 hadi 1970, kisha chuo cha ufundi, alikohitimu mwaka 1976 kwa alama ambazo sisi wadogo zake tulisimangwa nazo mpaka tukaota mvi.

Tarehe 1 Julai 1977 aliajiriwa karakana ya chuo cha ualimu, akitengeneza mashine za chapa na baadaye kompyuta, hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2016, akarudi nyumbani na maboksi tisa ya diski za kompyuta zilizokufa. Alikuwa amefunga ndoa tarehe 12 Desemba 1981 na mshonaji nguo, wakajaliwa mabinti watatu.

Maboksi hayo yalijaza chumba cha kushonea, na shemeji yetu, mwenye subira lakini si malaika, akampa hadi Jumamosi tarehe 25 Novemba 2017 aonyeshe faida yake, la sivyo yaende jalalani. Kaka alikusudia kuigeuza mota inayozungusha diski iwe jenereta ndogo ya mkono, na wiki moja kabla alituita tushuhudie, akazungusha mpaka jasho likamtoka, taa ikawa inakonyeza tu, nasi tukacheka mpaka mbavu zikauma, kumbe alikuwa ameunga nyaya mbili, kwa mazoea ya dainamo ya baiskeli, wakati mota ile inatoa umeme kwa nyaya tatu. Kosa hilo alilikiri mwenyewe, akaunga zote tatu kwa dayodi sita, vile vijipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, na siku ya mwisho aliyopewa taa ikawaka juu ya cherehani, shemeji akaushika mpini akazungusha mwenyewe mpaka chai ikapoa. Tulijivunia siku ile, na tunajivunia leo.

Baada ya hapo aliwatengenezea majirani jenereta arobaini. Figo zilianza kumsumbua Januari 2023, akafariki Jumanne tarehe 6 Agosti 2024, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na minane, jenereta ya arobaini na mbili ikiwa imebaki waya mmoja. Jana shemeji aliulehemu kwa mkono wake, taa ikawaka, akalia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotuletea diski badala ya kuzitupa, na mafundi wenzake wa karakana waliobeba jeneza.

Lala kwa utulivu, kaka, maboksi hayatupwi.