Alama Nne Mkononi mwa Bwana Halvorsen

Benchi lenyewe liko nje ya duka la mikate la Wafilipino pale Daly City, Marekani, na asubuhi wenye nalo ni walewale: walezi wa wazee waliotoka zamu, kila mmoja na kahawa yake na mkate wa moto wa pandesal. Kaka Nestor wanamwita Wakili, maana aliwahi kudeki ofisi ya mawakili miaka minne. Mama Ising ni Daktari, kwa kuwa hakuna ugonjwa asioujua. Jumanne hiyo Perlita alikaa katikati yao, kahawa imempoa mkononi, moyo hauko mahali pake.

— Alama za vidole vinne, alisema. Hapa, juu ya kiwiko. Na mnajua Bwana Halvorsen hasemi tangu apooze.

— Dawa za kulainisha damu hizo, alisema Mama Ising. Ukimgusa tu, damu inavilia.

— Kwa hiyo dawa ina vidole, Mama?

— Usinichokoze. Pengine kajishika mwenyewe, anaota anapigana.

— Mkono wake wa pili ndio uliopooza.

Wakili akakohoa kama yuko mahakamani.

— Sikiliza, mdogo wangu. Ukipiga simu serikalini, wanaanza na wewe. Wana mashine ya kupima vidole. Vyako vikilingana na zile alama, wiki ijayo uko Manila.

— Ulisoma wapi hayo?

— Nimedeki miaka minne, nisijue?

Perlita akacheka kidogo, kisha akaacha.

— Nimeshamwambia Mama Conching. Kasema tuyamalize nyumbani, mpwa wa mzee ni mtu wa heshima.

Mama Conching ndiye mwenye ile nyumba ya wazee. Ndiye pia mama wa ubatizo wa mtoto wa Perlita, na ndiye aliyempokea uwanja wa ndege na koti la baridi mkononi. Mtu kama huyo unampitaje?

— Basi umemaliza, alisema Wakili. Umemwambia mkubwa, mzigo ni wake.

Mwisho wa benchi alikaa Jovelyn, mgeni, wiki ya pili kazini.

— Samahani, wakubwa zangu. Ile karatasi ya siku ya kwanza ya kazi, mliitia saini?

— Sote, alisema Wakili.

— Mliisoma?

Wakili akaugeukia mkate wake.

— Imeandikwa aliyeona mzee kaumizwa apige simu serikalini mwenyewe, upesi. Kumwambia bosi hakutoshi. Huyo mpwa huja lini?

— Jumanne, saa tatu. Anataka wabaki wawili tu, mlango ufungwe.

— Na leo si Jumanne? Nani atakuwa na mzee?

Ilikuwa saa mbili na nusu. Perlita alimkumbuka mzee anavyokishika kidole chake kila anapomkata kucha, hataki kukiachia mpaka amalize mkono wa pili. Akaweka kahawa chini.

— Mama Conching hatanisamehe, alisema, na machozi yakamlenga.

— Atanuna, alisema Mama Ising, akamshika mkono. Mimi nitakaa naye mpaka anunue.

— Mama, atanuna au atanunua?

— Piga simu wewe.

Jovelyn akatoa karatasi yake. Namba ilikuwa pale chini. Wakili alishasimama, funguo za gari mkononi, mkate mdomoni.

— Piga tukiwa njiani, alisema. Leo mpwa atatukuta tumekaa na mzee.

Simu iliita mara mbili.

— Naitwa Perlita Macaraeg, alisema. Mimi ndiye niliyeona.