Daftari Nililolichoma Bila Kulisoma

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu, nawasalimu. Mnaonijua mnajua kwamba sikuzoea kusimama mbele za watu, kwa hiyo mniruhusu niishike hii meza.

Wengi humu tunalea wadogo zetu. Mwaka jana mlinisimamisha hapa hapa mkanipigia makofi, mkasema huyu kaka ni mfano. Siku ile kuna jambo niliwaficha. Nimelibeba hadi limenichosha.

Baba alitangulia. Mama akaanza kuumwa nikiwa kidato cha pili. Niliacha shule, nikapata kibarua kwenye shamba la mbegu kule Kilangali. Kazi yangu ilikuwa kupita ndani ya mpunga na kung'oa kila shina lisilofanana na mengine, ili mbegu isichanganyike. Nilikuwa nikitoka alfajiri na kurudi giza limeshaingia. Mdogo wangu, binti, ndiye aliyebaki na mama. Alimwosha, akamlisha, akamgeuza. Mimi mwanamume chumbani sikuingia. Nilikuwa nasimama mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula, mama."

Ndiyo mazungumzo yetu yote ya miezi ile.

Mama akafariki. Haikupita muda, nikaanza kusikia maneno. Napita kijiweni, vijana wa bodaboda wananiita, "Shemeji! Dada yako anachana huyo, acha kabisa!" Kumbe jioni mdogo wangu anasimama nao, anashika spika ya simu, anatupa mistari ya rap. Msichana yatima, mbele ya wanaume! Niliona dunia nzima inaniangalia mimi na kusema ameshindwa kulea.

Nilirudi nyumbani nikapekua. Chini ya godoro nikakuta daftari. Kwenye jalada amechora kipaza sauti. Sikufungua hata ukurasa mmoja. Nililisukumia motoni jikoni, chini ya sufuria ya maharage, na yeye amesimama pale anaangalia.

Akaniuliza, "Kaka, umelisoma?"

"Nisome uhuni?"

Hakulia. Maharage yakaiva, tukala. Baada ya wiki tatu akaondoka, akaenda Mikumi kupika kwenye mgahawa wa madereva wa malori. Kwa miaka sita nilipata kwake salamu za sikukuu tu, mstari mmoja kwenye simu.

Ndugu zangu, nawaambia, mtu anaweza kupigiwa makofi huku anaishi kwa hofu. Kila simu ilipoita nilidhani ni habari mbaya kutoka barabarani kule.

Mwezi uliopita, Jumatano, nimeketi kibarazani, namwona anaingia na begi dogo.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba." Nikainuka kumpokea begi. "Marahaba. Karibu."

Hakuzunguka. "Kaka, nimetengeneza albamu. Nyimbo saba. Jumamosi naziimba pale Mikumi. Nataka uzisikie kabla ya watu, maana mmoja unakuhusu."

Akaweka simu katikati yetu. Kila wimbo ulipoanza nilijiuliza, ni huu? Wa kwanza ulihusu maji, lile furiko lililobomoa ukuta wetu, nikawabeba yeye na mama hadi kwenye tuta la reli. Nikapumua. Wa pili ulihusu shamba la mbegu. Anauliza kwa nini anayechagua mbegu bora ya taifa ananunua mchele wa kupima kwa kikombe. Nikacheka kidogo. Wa tatu ulinishtua. Mnayajua yale mabango ya barabara ya hifadhini pale Mikumi, yaliyoandikwa faini ya kila mnyama ukimgonga. Yeye anasema twiga ana bei yake, nyati ana bei yake, na msichana anayebeba sahani kando ya barabara hiyo hiyo, akigongwa kwa matusi na mikono ya watu, bango lake liko wapi? Sikuweza kumtazama. Mimi ndiye niliyempeleka kwenye barabara ile. Wa nne ulikuwa unawatania madereva. Sikuusikia vizuri, bado nilikuwa kwenye lile bango.

Halafu wa tano. Mdundo wa polepole, na sauti yake:

*Mama kalala ubavu, anahesabu mabati,*
*Kaniambia andika, binti, tusipoteze wakati,*
*Kaka yako yu shambani, harudi ila usiku,*
*Yaandike, atayasoma, akiipata siku.*

Kisha kimya. Mdundo unaendelea, sauti hakuna. Nikadhani simu imeharibika, nikanyoosha mkono.

"Iache," akasema. "Hapo ndipo daftari lilipoungua. Mama alikuwa ananisimulia, mimi naandika. Habari za baba, za ujana wake, alivyotaka tuishi. Nyimbo zote hizi nimezikusanya upya kichwani. Huu umegoma. Nakumbuka mistari minne tu. Iliyobaki nimekiachia kimya."

Wazee wangu, najua kusoma. Niliacha shule, lakini kusoma najua. Mama aliniachia maneno, na mimi nilijua kusoma.

Akazima simu. "Mwishoni nimesema ni nani aliyelichoma. Jina sijataja. Lakini kaka, watu watajua. Ukikataa, nitauondoa. Nijibu kabla ya Jumamosi."

Alhamisi nilikwenda shambani, mikono ikawa inang'oa hovyo. Msimamizi akanipigia kelele, "We bwana! Mbona unang'oa mbegu unaacha magugu?" Nilikuwa nawafikiria ninyi. Ndiyo, ninyi mliokaa hapa. Nilijiona nikiingia kwenye kikao hiki na minong'ono inakatika ghafla. Nilishakata shauri kumwambia autoe.

Ijumaa nikampitia jirani yetu, mama mtu mzima aliyemsaidia binti kumwosha mama. Nikamweleza yote, nikitumaini atasema mambo ya familia hayaimbwi. Alikuwa anachambua mboga, hakuinua hata kichwa.

"Unawaogopa watu, au unamwogopa mama yako?"

"Nawaogopa watu, mama."

"Basi bado hujaogopa inavyotakiwa. Nenda."

Jumamosi nilipanda basi. Sikuwa nimejibu. Nilimkuta anajiandaa nyuma ya jukwaa la mbao, akanitazama tu, na mimi nikasema neno moja: "Imba."

Uwanja ulijaa madereva, mautingo, wauza matunda, na wengine nikawatambua wametoka huku kwetu Kilosa. Nyimbo nne zikapita. Wa tano ukafika, mistari minne, kisha kimya. Akashusha kipaza sauti, akasimama.

Watu hawakuelewa. "DJ! Vipi wewe?" "Mashine imekufa!" Utingo mmoja akapaza, "Dada kasahau mistari, mpeni maji!" Wakacheka. Wakaanza kupiga miluzi. Na yeye amesimama peke yake pale jukwaani, anazomewa kwa kosa langu.

Sijui miguu ilinifikishaje. Nilipanda, nikachukua kile kipaza sauti. Nikasema, "Hajasahau. Mimi ni kaka yake. Maneno ya hapa yalikuwa kwenye daftari lake, nikalichoma mimi, bila kulisoma. Mngojeni."

Mmoja akacheka, kisha akaacha. Mdundo ukaendelea kwa muda niliouona mrefu kuliko ile miaka sita. Halafu akakichukua kipaza sauti mkononi mwangu, akamalizia wimbo, na mimi nimesimama pembeni nasikia kosa langu likiimbwa.

Baadaye alinifuata nyuma ya jukwaa. Sikujua kama atanilaani au atalia. Akajifuta jasho kwa kanga, akasema, "Kaka, umekula?"

Nikasema, "Bado." Mara ya kwanza maishani nikasema kweli kwenye swali lile.

Namshukuru msimamizi wangu aliyenipa ruhusa ya Jumamosi bila kuuliza. Namshukuru jirani yule, yupo hapa, ameinamisha kichwa ili nisimtaje. Namshukuru mdogo wangu aliyenipa nafasi ya kukataa, nafasi ambayo mimi sikumpa. Na ninyi, kama mnayachukua makofi yenu ya mwaka jana, chukueni, sina kinyongo.

Kwenu mnaolea, neno langu ni dogo. Chochote utakachokikuta chini ya godoro la mtoto, kaa chini ukisome kwanza. Kisha mwite, muulize.

Na albamu hiyo mtaisikia, vijana wanaipiga hadi Chanzuru. Mkifika wimbo wa tano, sauti ikakatika, msidhani simu zenu zimekufa, wala msiuruke. Ngojeni. Anarudi.