Vitabu vya Vikosi Chini ya Miguu ya Mama

Ndugu, majirani, na ninyi mliosafiri kwenye theluji hii kuja kusimama nasi, mimi ni Rosalind, binti pekee wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya baba yetu, Alden Burkholder.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1944 hapa Kessler, Ohio, akasoma shule ya mji huu hadi 1962, kisha akaajiriwa katika kiwanda cha vioo hadi alipostaafu mwaka 2006. Tarehe 14 Oktoba 1967 alifunga ndoa na mama yetu, Verna, katika kanisa hilihili.

Baba alikuwa mwoga, na aliniomba nisilifiche hilo leo. Aliogopa radi, aliogopa ngazi, na kupita yote aliogopa maji, kwani mwaka 1953 kaka yake Merle alizama mtoni mbele ya macho yake. Mwaka 1971, kwenye mnada wa shambani, alinunua kitabu kikuukuu kilichoandikwa na wazee wa kikosi kimoja cha Ohio, waliojitolea ujanani kupigana vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Kaskazini na Kusini, na humo askari mmoja alikiri kwamba mikono ilimtetemeka hata akashindwa kushindilia risasi kwenye bunduki yake. Baba akamwita mama, "Verna, njoo usome, kumbe hata hawa waliogopa!" Tangu hapo alivisaka vitabu vya vikosi hivyo kila mahali, vya Indiana, vya Pennsylvania, hadi vikajaa chumba cha chini ya nyumba, na mama akawa anamtania, "Mume wangu ana jeshi zima humu ndani, lakini panya akitokea namuua mimi."

Tarehe 23 Juni 1998 mto ulivunja kingo, mama akashuka kuviinua vitabu mezani, maji yakabomoa mlango, na kabati likaanguka likaziba ngazi. Mimi nilikuwa nje, nimelala kifudifudi kwenye kidirisha cha chumba hicho, kilicho usawa wa ardhi, nikimsikia baba ngazini akisema, "Siwezi, Rosalind, siwezi," na mama akipiga kelele, "Alden, yamenifika kifuani!" Halafu nikasikia kishindo, na mtu akilia majini. Alikuwa baba: alipita juu ya kabati, akaanza kurundika vitabu chini ya dirisha, vile ambavyo hatukuruhusiwa kuvishika bila kunawa, mama akasema, "Hicho ulikitafuta miaka!" naye akajibu, "Kanyaga, Verna, kanyaga!" Nilimvuta mama kwa makwapa, rundo likateleza, na baba akatoweka. Nilipapasa matope nikimwita, hakuitika, nikajua nimempoteza, hadi vidole vyangu vikanasa ukosi wa shati lake, nikamvuta nje akiwa hai.

Vitabu viligeuka uji. Baadaye alikusanya vingine, akaviweka ghorofani, lakini kila mvua iliponyesha alinipigia simu ili tu anisikie sauti.

Mama alitutoka mwaka 2015. Baba aliugua moyo tangu 2019, na asubuhi ya tarehe 2 Februari 2021 hakujifanya jasiri, aliniambia, "Naogopa, binti yangu, usitoke," nami sikutoka hadi alipokata roho.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani waliotuletea chakula cha moto kila jioni, wenzake wa kiwandani, na wakusanyaji wenzake waliompa vitabu vyao baada ya mafuriko.

Baba, tunakuzika kilimani, ubavuni mwa Mama, mbali na mto, kama ulivyoomba. Pumzika sasa, pumzika bila hofu.