Nahodha Aliyekunywa Kahawa

ELIKANA: Haloo? Nani mwenzangu?

BI KHOLE: Mwenzako? Mie sina mwenzangu anayekunywa kahawa namna ile.

ELIKANA: Samahani, sijakupata. Kuna malori hapa— nani anaongea?

BI KHOLE: Khole. Shangazi yake Fahd, huyo tajiri wenu. Yule kizee anayekaa nyuma ya benchi lenu kila mechi, anamtukana refa kwa Kiswahili.

ELIKANA: Aa. Bibi. Shikamoo, bibi.

BI KHOLE: Marahaba. Namba yako kanipa Stefania, huyu msichana wa jikoni kwetu. Kwanza alikataa. Kasema matatizo uliyonayo yanakutosha.

ELIKANA: Hajakosea.

BI KHOLE: Upo wapi?

ELIKANA: Rusayl. Kwenye nyumba ya wachezaji.

BI KHOLE: Ndani?

(Lori linapita.)

ELIKANA: Nje.

BI KHOLE: Nje ya nyumba yako mwenyewe, na jua hili.

ELIKANA: Nimekalia begi langu. Ulimboka ndiye kalitoa, nahodha msaidizi. Kalitoa kwa teke. Wengine wamejazana dirishani wananiangalia kama nauza kitu.

BI KHOLE: Si ushauza.

ELIKANA: Sijauza chochote, bibi.

BI KHOLE: Picha nimeiona. Fahd kaituma kwa ukoo mzima. Umekaa kwenye zulia la marehemu kaka yangu, magoti yamefika masikioni, finjani mkononi, meno yote nje. Na chini yake kaandika, "Nahodha kanywa, mgomo umekwisha, kesho tunacheza."

ELIKANA: Hiyo hiyo kaituma kwenye grupu la timu. Hata sijafika barabara kubwa.

BI KHOLE: Hebu nambie. Kule kwetu Bustan ulikwenda kufanya nini? Kuamkia?

ELIKANA: Nilitumwa na wenzangu. Tumegoma, si unajua, tangu mwenzetu Lukas aumie. Kiyoyozi cha ukumbi kinavuja, sakafu ina maji, tumelalamika mpaka tumechoka. Tukaweka ndoo wenyewe. Lukas karuka mazoezini, kashukia kwenye maji, goti likageuka. Daktari kasema apasuliwe haraka, la sivyo mpira wa kikapu basi tena. Lakini arbab kasema—

BI KHOLE: Nani?

ELIKANA: Arbab. Tajiri wetu, Fahd.

BI KHOLE: Mwite Fahd. Mie nimemwosha masikio huyo. Arbab! Haya, kasemaje?

ELIKANA: Kasema mkataba unamtibu aliyeumia mchezoni, na mazoezi si mchezo. Kamkatia Lukas tiketi ya kurudi Dar, kesho asubuhi. Na sisi tuna mechi kesho jioni. Tukasema Lukas akipandishwa ndege na goti lile, hatuingii uwanjani. Naye akafunga ukumbi, akabadilisha kufuli.

BI KHOLE: Mazoezi si mchezo. (Anacheka kidogo, kwa pua.) Mtu hajawahi kutoka jasho ila siku lifti ya ofisi yake ilipoharibika, leo anawafundisha watu wa kikapu mchezo ni nini. Anasema "wachezaji wangu" vile vile anavyosema "magari yangu". Na gari likiharibika, gereji analipeleka.

ELIKANA: Hayo ndiyo niliyokwenda kumwambia.

BI KHOLE: Ukamwambia?

ELIKANA: Nilikuwa nataka kumwambia.

BI KHOLE: Ukanywa.

ELIKANA: Bibi, nimekaribishwa. Kwetu mtu akikukaribisha ukakataa, umemtukana. Nikasema nitakunywa kwanza, nionekane nina adabu, halafu nitaongea. Nikamaliza kile kikombe, Musallam, yule mminaji wake, akamimina kingine. Nikamaliza, kingine. Vyenyewe vidogo, funda moja tu. Nikifungua mdomo niongee, kimejaa. Nikadhani wanataka nimalize dele zima la kahawa.

BI KHOLE: Hukuitikisa?

ELIKANA: Kutikisa nini?

BI KHOLE: Ya Rabbi. Misimu yote hii unacheza Oman. Finjani ukitosheka unaitikisa kidogo mkononi, hivi, mminaji anajua, anaichukua. Usipoitikisa, Musallam atamimina mpaka Magharibi. Ndiyo kazi yake.

ELIKANA: Sisi tunakaa Rusayl, bibi. Nani atamimina kahawa Rusayl? Huku tunakunywa chai ya maziwa, unaletewa dirishani mwa gari, unalipa, unaondoka.

BI KHOLE: Haya, hilo la kutikisa ni ushamba tu, nshakusamehe. Kubwa ni lile la kwanza. Ukenda kwa mtu na haja nzito, unapewa finjani, unaipokea, unaiweka chini mbele yako. Huigusi. Mwenye nyumba ataiona, atakuuliza una nini. Hapo unasema. Akikubali, anakwambia kunywa kahawa yako, na unakunywa. Akikataa unainuka, kahawa inabaki pale pale, na aibu ni yake. Weye umekunywa. Ushasema huna neno, tena mbele ya watu.

(Mtandao unakwaruza.)

ELIKANA: Kumbe.

BI KHOLE: Kumbe.

ELIKANA: Na yeye alijua kwamba mimi sijui.

BI KHOLE: Fahd? Fahd kahawa yake anakunywa garini, kwenye kikombe cha karatasi, imejazwa povu na jina lake wamelikosea. Dele la baba yake halijatoka kabatini tangu msiba. Leo kalitoa mwenyewe. Musallam kavalishwa kanzu mpya, udi umefukizwa mpaka mie nimekohoa. Nikajiuliza, anakuja waziri? Kumbe unakuja weye, na vile viatu vyako vilivyojaza mlango.

ELIKANA: Aliniambia, "Elikana, wewe mtu wa nyumbani."

BI KHOLE: Nawe ukaamini.

ELIKANA: Niliamini. Ndiyo maana kwenye picha nacheka.

(Lori linapiga honi.)

BI KHOLE: Sasa sikiliza. Umewaam— wenza—

ELIKANA: Haloo? Bibi, unakatika.

BI KHOLE: —nasema, umewaeleza wenzako?

ELIKANA: Nani atanisikiliza? Ulimboka kasema nimeuza goti la Lukas kwa ile halwa niliyolishwa na kahawa. Sasa wanaimba. Sikia. (Kwa mbali sauti za wanaume: "Halwa! Halwa!") Hao wananikera tu. Lukas ndiye ananiumiza. Hajanitukana. Anafunga begi lake mguu umenyooka juu ya kiti, kaniuliza tu, "Kaka, ilikuwa tamu?"

BI KHOLE: Ilikuwa tamu?

ELIKANA: Bibi.

BI KHOLE: Nakuuliza. Ile halwa ya zafarani ni yangu, nliiweka ya wageni wangu. Hata ya kukuhongea weye kaniibia mie.

ELIKANA: Ilikuwa tamu, bibi. Ndiyo maana nataka kutapika.

BI KHOLE: Usitapike, huna nyumba ya kutapikia. Ingia ndani.

ELIKANA: Wamefunga kwa komeo.

BI KHOLE: Na dirisha? Weka simu kwenye spika uinyanyue. Huo urefu Mungu kakupa wa bure?

ELIKANA: Chaji imebaki kidogo sana.

BI KHOLE: Basi acha kunielezea chaji.

(Vishindo. Kelele za watu zinakaribia. "Halwa! Halwa!")

ELIKANA: Oya, nyamazeni. Ulimboka, fungua kioo. Fungua, bwana, siingii. Ni yule bibi wa nyuma ya benchi. Bibi, wanakusikia.

BI KHOLE: Hamjambo, mashujaa. Mnaojua Kiswahili watafsirieni wenzenu, mie sirudii. Nahodha wenu si msaliti. Msaliti ana akili. Huyu kashindwa na finjani. Fahd kamnywesha kahawa kabla hajafungua mdomo, na kwetu ukinywa kabla ya kusema, huna la kusema. Hakupokea kitu, hakuahidi kitu. Mmesikia?

ELIKANA: Wamesikia, bibi.

BI KHOLE: Bado. Nanyi mlimtuma peke yake. Mtu mmoja, mbele ya tajiri, nyumbani kwa tajiri. Huyu kasema ana usingizi, huyu anaihofia visa yake, huyu kasema Elikana ndiye anayejua kuongea. Halafu mmekaa ndani kwenye kiyoyozi mnasubiri ushindi uletwe kama chakula cha hotelini. Leo mmepata miguu ya kupigia begi la mwenzenu. Nani kati yenu aliyesema twende wote?

(Kimya.)

BI KHOLE: Nauliza.

ELIKANA: Hakuna, bibi.

BI KHOLE: Hakuna. Nshajua, nlitaka mjisikie wenyewe. Sasa kesho mkija— ngoja.

(Mlango unafunguliwa. Sauti ya mwanamume kwa mbali. Sinia linawekwa.)

ELIKANA: Bibi?

BI KHOLE: (Kwa sauti ya chini.) Ni Fahd. Kaniletea kahawa yangu ya alasiri. Usikate, na wote mfunge midomo. (Kwa mbali kidogo na simu.) Ingia, mwanangu. Iweke. Si mkononi, hapo chini, mbele yangu.

(Finjani inawekwa chini. Sauti ya mwanamume.)

BI KHOLE: Kwamba inapoa? Naiona. Macho nnayo.

(Rusayl hakuna anayeimba tena.)

BI KHOLE: Unaniuliza nna nini? Basi hujasahau. Nikadhani ushasahau, namna ulivyoitumia leo. Nna haja, Fahd.

(Sauti ya mwanamume, maneno hayasikiki.)

BI KHOLE: La, si dawa. Si safari ya umra. Goti. Goti la yule mtoto wa watu uliyemkatia tiketi. Nataka atibiwe hapa hapa, na wewe ndiye mwenye kumtibia.

(Sauti ya mwanamume, ndefu.)

BI KHOLE: Mkataba kamsomee mwanasheria wako. Mie sikutaja mkataba.

(Sauti ya mwanamume, fupi.)

BI KHOLE: "Tutaona" mwambie fundi wa kiyoyozi, si ndiyo unayomwambia mwaka mzima? Mie usinambie tutaona. Kesho kabla ya mechi wanakuja ami zako wote, umewaalika mwenyewe ujitape. Watapita humu kunipa mkono. Watakuta finjani hii imejaa, imepoa, imeingia vumbi. Wataniuliza, Khole una haja gani usiyopewa ndani ya nyumba ya kaka yako? Nami nshazeeka, siwezi tena kutunga uongo.

(Mtandao unakwaruza.)

ELIKANA: (Ananong'ona.) Ulimboka, pumua taratibu.

BI KHOLE: Sema kwa sauti, masikio yangu mabovu. Hospitali gani? ... Lini? ... Lini, Fahd, kesho ina asubuhi na ina jioni. ... Na tiketi? ... Na ile sakafu? ... Hao wengine nao utawafungulia ukumbi. ... Haya. Nimekusikia, na Mungu kakusikia.

(Mlango unafungwa.)

ELIKANA: Bibi? Bibi, simu inazimika hii, kasemaje?

BI KHOLE: Kanambia kunywa.

(Mtu anapiga kofi ukutani, mwingine anacheka.)

ELIKANA: Na wewe umekunywa?

BI KHOLE: Imepoa. Nimemwambia aniletee nyengine. Kenda mwenyewe, kwa mkono wake. Asubuhi atampeleka Lukas hospitali na gari lake. Mwambieni afungue begi.

ELIKANA: Kakusikia. Kakaa sakafuni, bibi. Analia huyu.

BI KHOLE: Mwacheni alie. Na begi lako wewe?

ELIKANA: Ulimboka anatoka kulichukua. Anasema—

BI KHOLE: Asiseme. Alilitoa kwa mguu, aliingize kwa kichwa. Ajitwike.

ELIKANA: Ajitwike?

BI KHOLE: Kichwani, mpaka chumbani kwako. Anajitwika?

ELIKANA: Anajitwika. Kagonga kizingiti.

BI KHOLE: Vyema. Haya, kwaheri, namsikia Fahd anarudi. Sitaki anikute nacheka.

ELIKANA: Bibi, asante, sisi wote tuna—

(Simu imekatika.)