Hatutachagua Chumba Kimoja

Mgeni rasmi, mkuu wa kituo, walimu, na wazazi wenzetu mliokaa pamoja na mliokosa viti: salamu kwenu nyote.

KARIBU

Karibu sana. Ukisikia harufu ya rangi mbichi, ujue korido imepakwa kwa heshima yako. Tuliombwa tukusomee risala ya shukrani. Shukrani tunazo, ila leo zitasubiri zamu yao. Kwanza tunataka ujue yaliyompata mwenzetu mmoja, kinyozi, yule aliyekaa mstari wa mbele. Tulimwomba ruhusa, akasema, "Semeni yote, ila msiseme nililia."

TULIKOTOKA

Kinyozi huyu ana mtoto mmoja wa kiume, mwenye usonji. Wateja walimbandika mtoto jina la Kichaka, kwa kuwa nywele zake zilikuwa hazijawahi kuguswa na mashine. Mashine ikiwashwa tu, mtoto anaziba masikio, anajing'ata mkono, na mara nyingine anachomoka mbio hadi barabarani kwenye magari. Mama yake ni mpishi shuleni, anatoka nyumbani alfajiri, kwa hiyo mtoto alishinda na baba yake kwenye kibanda cha kunyolea. Baba akaiweka mashine kando, akawa ananyoa kwa mkasi na kitana. Foleni ikawa haisogei, wateja wakapungua. Waliobaki hawakuisha utani: "Ama kweli kinyozi hajinyoi, na mwanawe je!" Naye alicheka nao. Wakishaondoka, alifagia zile nywele sakafuni kwa hasira kana kwamba zimemtukana.

Aliposikia kuwa hapa kuna tiba ya muziki, alimleta. Dada wa tiba hakumpa mtoto ngoma wala kayamba. Alimwambia baba, "Kesho njoo na mashine yako." Ikawashwa, ikashikwa mbali. Dada akausikiliza mvumo wake, akautafuta kwenye gitaa, akaanza kuimba juu yake kwa mdomo uliofumbwa, polepole, bila neno hata moja. Mtoto akaziba masikio yote mawili. Baada ya wiki kadhaa akawa anaziba moja. Mwisho ikafika siku akanyoosha mkono, akaiwasha mashine mwenyewe, akafumba mdomo na kuimba sauti ileile.

Siku ile baba alimnyoa mwanawe humu humu kituoni. Alipomaliza alitoka nje haraka, akidai nywele zimemwingia machoni. Sisi tuliahidi hatutasema zaidi ya hapo.

TULIYOVUNA

Ng'ambo ya korido kuna chumba cha pili, cha mwalimu wa muziki. Mwalimu huyu mnamjua, hana maneno ya asali. Siku moja, akitoka kwenye tiba, Kichaka alikwenda kusimama mlangoni pake akiwatazama wenzake na vinanda.

"Ingia au toka," mwalimu akamwambia. "Hapo unatuzibia hewa."

Akaingia. Akabonyeza.

"Umekosea. Rudia."

Baba yake alikuwa dirishani. Alishika nondo kwa mikono miwili akingojea kilio. Mtoto akarudia.

"Umekosea tena. Tumia kidole cha kati."

Akarudia. Akapata.

Kesho yake kila aliyekalia kiti cha kinyozi alihadithiwa. "Mwanangu ameambiwa amekosea! Kama mtoto yeyote!" Mteja mmoja akashangaa, "Sasa hiyo nayo ni habari njema?" Kinyozi akaizima mashine. "Ndugu yangu, tangu azaliwe watu wanamwambia 'pole' tu."

YALIYOTUKUTA

Ndipo ukaja utaratibu mpya, mgeni rasmi, huu uliokuja kuuzindua leo. Kila mtoto apangiwe chumba kimoja. Wanaofundishika waende kwenye masomo, wasiofundishika wabaki kwenye tiba, na mlango wa katikati ya korido ufungwe kwa kufuli ili wasitangetange.

Afisa aliyetumwa alimwambia kinyozi, "Baba, amua. Kama mgonjwa, atibiwe. Kama mwanafunzi, asome. Mshika mbili moja humponyoka."

Kinyozi akachagua masomo. Tusimlaumu. "Mwanangu anasoma muziki" ni maneno matamu mdomoni. Nani kati yetu asingetaka kuyasema mbele ya mashemeji?

Haukupita muda, ikanyesha mvua kubwa. Bati linapigwa juu, vinanda vinapigwa chini, vyote kwa pamoja. Kichaka akaanguka sakafuni akawa anagonga kichwa ukutani. Mwalimu, mtu ambaye hatujawahi kumwona akiogopa kitu, alibaki na mikono hewani. "Mwiteni dada!" akapiga kelele. "Mwiteni upesi!"

Dada alikuwa amekatazwa kumgusa mtoto asiye wa chumba chake. Alikuja mbio. Akapiga magoti, akaweka kiganja chake kati ya paji la mtoto na ukuta, akafumba mdomo na kuimba ule mvumo. Mtoto akaendelea kugonga, ila sasa anagonga kiganja. Kisha akapunguza. Kisha akatulia. Mkono wa dada ulivimba, na malipo yake yakawa onyo kali, kwa kosa la kuvuka korido.

Kinyozi alipopata habari alimwacha mteja na nusu ya kichwa, akaja ofisini. "Mnionye mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyechagua vibaya. Lakini nani aliyeniambia nichague?"

Asubuhi iliyofuata seremala alikuja na kufuli. Akatukuta sisi, akina mama na akina baba, tumekaa sakafuni mlangoni, miguu tumeinyoosha. Akatutazama mmoja mmoja. "Mimi nimeletwa kufunga mlango," akasema, "sikuletwa kufunga watu." Akaondoka na kufuli lake.

TUNAYOTAKA

Tunajua sehemu hii huitwa maombi. Tusamehe, leo neno hilo limetupwaya.

Onyo la dada lifutwe. Na lisifutwe kimyakimya. Lifutwe hadharani, maana alipewa hadharani.

Hatusemi tiba na masomo ni kitu kimoja. Tofauti yake tumeiona kwa macho yetu. Mama mmoja hapa ana binti ambaye huenda asibonyeze kinanda maisha yake yote. Gitaa likilazwa mapajani pake anacheka, na kicheko hicho kinamtosha mama yake. Asitokee mtu akamwita asiyefundishika. Mtoto mwingine atahitaji chumba hiki asubuhi na kile mchana, na mwaka ujao atageuka tena. Hayo yaamuliwe na wanaomtazama kila siku.

Ukituambia vyumba ni vidogo, tutabanana. Ukituambia wafanyakazi hawatoshi, tutakuja kusaidia. Ukituambia tuchague, hatutachagua.

Ratiba inasema sasa watoto watakuimbia. Hawatakuimbia, mgeni rasmi. Wako vyumbani, ni saa zao. Na ule utepe uliofungwa mlangoni ili uje kuukata, tumeufungua wenyewe asubuhi, watoto walikuwa wanataka kupita.

Mungu akujalie afya, akutunzie watoto wako, na akupe ujasiri wa kubadili uamuzi mbele za watu.

Ni sisi,
Wazazi wa Vyumba Vyote Viwili