Diop Hamsifu Ndiaye

Ukitaka kumpata mtu mtaa wa Randoulène, mjini Thiès, usihangaike kugonga milango, nenda kwa Godoro. Nje ya kibanda chake cha kushonea magodoro kuna kiti kirefu kilichong'olewa kwenye behewa la daraja la pili, na sala ya alasiri ikishapita wanakaa hapo watu wasio na haraka wenye la kusema juu ya kila kitu. Godoro mwenyewe, jina lake Magatte Ndiaye, hushona huku anabisha. Mtaliano hukaa katikati, kwa sababu aliwahi kuishi Brescia msimu mmoja wa baridi na tangu hapo anajua dunia inavyoendeshwa. Yaay Ngoné hukaa kwenye kigoda na birika lake la kahawa ya Touba, ile yenye viungo vya kuwasha pua. Wa mwisho ni Mbaye Diop, fundi wa injini mstaafu wa reli, ambaye wote humwita Filimbi. Sasa Filimbi ni Diop na Godoro ni Ndiaye, na hao ni watani tangu enzi za mababu. Diop humwita Ndiaye mwizi na mlafi wa wali, Ndiaye humwita Diop mtumwa wake, na hakuna ruhusa ya kukasirika.

Siku hiyo Filimbi alikuja mbiombio, kicheko kimemjaa mdomoni. Alikuwa na kisa kitamu cha kumsimulia Godoro, na alikuwa amekitunza tangu juzi ili kiive vizuri. Lakini alipofika alikuta sindano imechomekwa kwenye godoro na mwenye sindano kainamia mikono yake.

— Kaa, mtumwa, — Godoro alisema bila kumwangalia. Hata utani wenyewe ulitoka bila chumvi.

— Kuna msiba?

— Tuzo ya Seynabou imezuiwa.

Filimbi akakaa. Habari ya tuzo hakuna asiyeijua Randoulène. Wanafunzi wa uandishi wa habari wa chuo kikuu kule Dakar walikuwa wamezoa tuzo tatu kwa mpigo katika mashindano ya nchi kibao, yanayoendeshwa na ofisi moja iliyoko Libreville. Kijana Badji kutoka Casamance alichukua ya picha. Binti Thiam alichukua ya gazeti, kwa makala ya vitunguu vinavyoozea shambani. Na kipindi bora cha redio, kilichohusu treni za zamani za Thiès, kilikuwa cha Seynabou Ndiaye, binti wa Godoro, kitinda mimba wake. Siku tangazo lilipotoka, Godoro alichinja kondoo ambaye hakuwa amepanga kumchinja.

— Imezuiwa kwa kosa gani? — Filimbi aliuliza.

— Eti kipindi si chake. Kuna mtu kawaambia aliiba. Wamempa mpaka leo jioni. Wasiporidhika, tuzo anapewa wa pili, na ile nafasi ya kazi aliyoahidiwa redioni inakwenda na maji. Sasa we niambie, mwandishi akishaitwa mwizi, nani atamwajiri?

Yaay Ngoné akampa Filimbi kikombe, akakipokea, akakishika tu.

— Mimi nawajua waliofanya hivyo, — alisema Mtaliano, akavuta miguu. — Ni wanafunzi wenzake. Yule wa picha.

— Badji? Badji ndiye aliyempigia simu analia, — alisema Godoro.

— Ndio hao hao wanaolia. Kule Brescia nilimwona mtu analia msibani, kumbe ndiye aliyempeleka marehemu kaburini.

— Acha zako, — alisema Yaay Ngoné. — Hilo ni jicho la watu. Mlimsifu mno mtoto. Wiki nzima, Seynabou hivi, Seynabou vile, mpaka kwa muuza mkaa. Watu wakimtaja mtu hivyo lazima kitu kimpate.

— Mama, Libreville hakuna jicho la Randoulène, — alisema Mtaliano. — Hii ni Dakar. Lini Dakar ilitaka Thiès ipate kitu? Treni walituachia?

— Chuo chenyewe si kiko Dakar? — aliuliza Godoro.

— Ndiyo maana nasema ni mpango wa ndani.

Filimbi aliona njia ya kupenya. Lawama ikibaki Dakar, haitafika Randoulène.

— Unajua, — alisema, — wenye mabasi hawakukipenda kile kipindi. Watu wakikumbuka treni, nani atapanda basi?

— Umesema, — Mtaliano akadaka. — Na si mabasi tu. Ndege. Wenye ndege wana watu wao kila mahali. Mtu akiisikia ile sauti ya treni akiwa kwenye foleni ya uwanja wa ndege, anageuza na begi lake.

— Kwani kutoka Thiès kwenda hapo jirani Tivaouane kuna ndege? — aliuliza Yaay Ngoné.

— Bado. Ndiyo maana wanasafisha njia mapema.

Hata Godoro alitaka kucheka, akajizuia. Ile sauti ya treni ndiyo iliyompa binti yake tuzo. Karakana za reli zimefungwa, hakuna injini inayonguruma, na Seynabou alitaka treni isikike kwenye kipindi chake. Badala ya kuchukua sauti ya zamani kwenye mitambo ya redio, aliwakalisha mafundi wastaafu akawaomba waifanye kwa midomo yao. Mmoja alikuwa magurudumu, mwingine breki, mwingine moshi. Filimbi alikuwa filimbi. Watu walisema ukifumba macho unasikia mpaka abiria wakigombania dirisha.

— Hujanywa, Mbaye, — alisema Yaay Ngoné.

— Ya moto.

— Imeshapoa hiyo.

Kabla hajapata jibu, Seynabou akatokea kwenye kona, simu mkononi, kilemba kimemlegea. Alikuwa ametoka Dakar asubuhi na hakuwa amekula. Akawasalimia wote, mmoja mmoja, akauliza hali za nyumbani kama ilivyo adabu, ingawa uso wake ulikuwa mahali pengine.

— Baba zangu, — alisema, — yule mama wa Libreville anaitwa Madame Obame. Nimeongea naye sasa hivi. Kazi yao ni kumpigia mtu yeyote aliyesikika kwenye kipindi, kuhakikisha. Juzi alimpigia mmoja wa hapa Thiès. Hataki kunitajia jina. Nani kati yenu aliongea naye?

Mtaliano akaangalia vidole vyake. Filimbi aliangalia ndani ya kikombe, ambako hakukuwa na msaada wowote.

— Ni mimi, — alisema.

— Wewe baba Mbaye?

— Aliniuliza kama namjua Seynabou Ndiaye. Nikamwambia, Ndiaye? Hao wezi? Ile sauti ya treni ni yangu, kaniibia mdomoni. Nikamwambia tangu lini Ndiaye akafanya kazi, Ndiaye anajua wali tu, chochote kizuri utakachosikia mle ndani kimefanywa na Diop. Akawa anasema, ndiyo, ndiyo, endelea bwana. Nikajua anafurahia. — Filimbi akameza mate. — Nikaendelea.

Wote walikuwa wakimwangalia Godoro.

Godoro alisimama. Alikuwa na mikono ya mtu aliyekandamiza sufi na pamba maisha yake yote, na ile mikono ilifunga ngumi, ikafunguka, ikafunga tena. Mtu mwingine yeyote angekiona cha moto. Lakini huyu ni mtani, na alichokisema ni utani, tena utani wa kawaida, ule ule wa kila siku. Godoro alijaribu kukasirika kama mtu anayetafuta mlango gizani, hakuupata. Akakaa.

— Yaani siwezi hata kukutukana, — alisema polepole. — Nikikutukana utafurahi.

— Nitukane tu, Magatte. Leo sitafurahi.

— Mtumwa wewe.

— Ndiyo.

— Usiseme ndiyo. Ukisema ndiyo unaharibu.

Seynabou alikuwa ameshabonyeza namba. — Baba Mbaye, utaongea naye. Umweleze. Na useme kweli, bila utani. — Akaweka simu kwa sauti ya wote na kuilaza juu ya godoro ambalo halijamalizika.

Ikaita. Filimbi akavua kofia, kisha akaivaa tena. Katika maisha yake yote hakuwahi kumsifu Ndiaye, wala baba yake hakuwahi, na sasa alitakiwa kufanya hivyo mbele ya Ndiaye mwenyewe, na Mtaliano akisikiliza.

— Obame hapa, — ilisema sauti ya mwanamke, kavu, ya mtu mwenye kazi nyingi mezani.

— Mama, ni yule Diop wa treni. Yale ya juzi yalikuwa utani. Huku kwetu Diop na Ndiaye tunataniana. Yule binti si mwizi. Ingawa baba yake...

Seynabou akamkazia macho.

— Si mwizi, — Filimbi alirudia.

— Bwana Diop, — alisema Madame Obame, — juzi ulisema kwa furaha kubwa kwamba ni mwizi. Leo unasema si mwizi, na sauti yako inatetemeka. Pengine kuna mtu kakaa karibu yako. Nimwamini Diop yupi?

Ni swali dogo. Mtaliano, aliyekuwa na jibu la ndege na la Dakar, akatazama angani. Yaay Ngoné akafunika birika. Filimbi alimtazama Seynabou na kuona midomo inamcheza, akajisikia vibaya kuliko siku zote za maisha yake.

— Mama, mimi sijui umwamini yupi, — alisema hatimaye, kwa Kifaransa chake cha reli. — Nikwambie kilichotokea tu, utaamua mwenyewe. Huyu mtoto alikuja kutusikiliza sisi wazee. Alikaa chini kwenye mafuta, na gauni safi. Wengine wameshakuja, waandishi wakubwa, wakatuuliza, kisha wakajijibu wenyewe wakaondoka. Yeye aliuliza akanyamaza. Tukanyamaza na sisi. Akaendelea kukaa. Mama, siku tulipoambiwa tusirudi kazini, niliacha kupiga ile filimbi. Hata mke wangu sikumpigia filimbi hiyo tena. Wajukuu walinibembeleza, nikakataa. Niliona nikiipiga nitalia, na mzee mzima huwezi kulia mbele ya wajukuu. Yule mtoto alinisubiri mpaka ikatoka yenyewe. Nikalia, na lile la kulia hakuliweka kwenye kipindi. Ningekuwa na binti kama huyo ningetembea nimevimba mtaani. Yeye ni Ndiaye na mimi ni Diop, na hili sijawahi kulisema wala sitalirudia.

Godoro alikuwa amegeuka akiukagua ukuta wa kibanda chake kana kwamba kuna mtu kauibia tofali. Mabega yalikuwa yanamtikisika.

— Nimeelewa, — alisema Madame Obame, na safari hii sauti ilikuwa imelainika. — Kuhusu hilo la kulia, mtu anayetunga uongo hawezi kubuni kwamba kitu kizuri kama hicho kiliachwa nje ya kipindi. Seynabou, uko hapo?

— Nipo, mama.

— Tuzo ni yako. Nawaandikia wenzangu sasa hivi. Utusamehe.

Yaay Ngoné alipiga kigelegele kifupi, akajiziba mdomo. Seynabou alikaa chini pale pale kwenye vumbi, mbele ya godoro, akacheka na kujifuta macho kwa ncha ya kilemba. Kisha akaisogelea simu.

— Mama, ninaomba jambo moja. Alichokisema juzi kina ukweli ndani yake. Ile sauti si yangu, niliiomba tu. Naomba jina la Mbaye Diop liwe kwenye ngao ya tuzo pamoja na langu.

— Hilo linawezekana, wanaoichonga bado hawajaanza. Basi niambieni haraka nifunge ofisi. Niandike jina la nani kwanza?

Mtaliano alifungua mdomo. Godoro akamwahi.

— Diop, — alisema, bado kaelekea ukutani. — Andika Diop kwanza.

Filimbi aliruka kama aliyekalia sindano. — Nani kakutuma? Andika Ndiaye, mama. Kazi ni ya mtoto.

— Nimesema Diop.

— Ndiaye. We mlafi wa wali, leo umeshiba nini mpaka unagawa?

— Mtumwa akipewa hupokea, wala habishi. Nimekupa nafasi ya mbele, unaikataa?

— Naikataa mbele ya mashahidi. Babu yako angesikia unamtanguliza Diop angekufuta kwenye ukoo.

— Na wako angekusikia ukimsifu Ndiaye kwenye simu ya nje ya nchi angefanyaje?

— Wazee wangu, — ilisema simu, — ni jina moja tu la kutangulia.

Hawakumsikia. Walikuwa wamesimama uso kwa uso juu ya godoro, kila mmoja akimsukumia mwenzake heshima kama watu wanaogombana nani alipe kahawa, sauti zimepanda, macho yamelowa, na majirani wameanza kutoka milangoni kuuliza nani kamkosea nani. Yaay Ngoné aliinua birika kuwamiminia angalau wapoe, likatoa tone moja na machicha.

Seynabou akaichukua simu, akaondoa ile sauti ya wote, akaiweka sikioni.

— Mama, — alisema, — funga tu ofisi. Nitakupigia kesho.